Shemeji Yangu na Viroboto wa Maji

Aliyesimama mbele ya wazee na kusema kwamba mimi ndiye niliyeua samaki wa bwawa letu alikuwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Alisema hivyo akiwa ameshiba ugali niliopika mimi. Naanza na hilo kwa sababu hata sasa, nikiwa na wajukuu wanaonizidi kimo, nikikumbuka lile tonge lililomshibisha ngumi yangu inajikunja yenyewe.

Huku Umatengo kuna sengu. Wanaume wa ukoo mmoja wanakusanyika kwa mzee wao, kila nyumba inapeleka chakula, wanakula pamoja, kisha wanaongea mambo ya ukoo. Shamba la nani, mtoto wa nani kakosa adabu, nani kagombana na nani. Miaka ninayoisema koo nyingi zilikuwa zimeshaacha. Ya kwetu ilishikilia, kila Jumapili baada ya misa. Wanawake tunapika, tunapeleka, tunapiga magoti, tunaondoka. Ukishtakiwa huko unahukumiwa huku unasugua masufuria nyumbani kwako, na habari unaletewa.

Halafu mimi si Mmatengo. Nimezaliwa chini ziwani, karibu na Mbamba Bay, baba yangu alikuwa mvuvi wa usipa. Nikaolewa huku juu kwenye baridi, nikajifunza kuchimba ngolo, mashimo ya kulimia kwenye mteremko, mpaka nikawashinda waliozaliwa nayo, nikazaa, nikazika mume. Bado waliniita "yule wa ziwani".

Sasa habari ya dawa. Zamani dawa ya kahawa ilitoka chama cha ushirika. Bwana shamba alikuja, akakuonyesha kipimo, akakuambia usile machungwa huku unanyunyizia. Mrututu tuliujua wote, ile dawa ya buluu. Kisha ushirika ukalegea, ikasemwa kila mtu auze na anunue anavyoweza. Ruksa. Shemeji alikuwa wa kwanza kijijini kufungua duka la dawa za shamba. Dawa yake ilikuwa ya maji, ukiimimina kwenye ndoo inageuka nyeupe kama maziwa, na harufu yake inakukaa kooni mpaka kesho. Alikuwa anaitoa kwenye madumu makubwa na kuitia kwenye chupa za soda, bila karatasi, bila maandishi. Ukiuliza kipimo anakwambia, "Kizibo kimoja kwa bomba. Wadudu wakiwa wabishi, viwili."

Alikuwa pia na wanaume wake waliobeba mabomba mgongoni, wakanyunyizia mashamba ya wasio na bomba. Wakimaliza walishuka mtoni, pale kwenye jiwe bapa, wakaosha mabomba yao. Pale ni juu ya shamba langu. Chini ya shamba langu ndipo kikundi chetu cha kina mama kilipochimba bwawa la perege, maji yakiingia kwa mfereji kutoka mto huohuo.

Na ukingoni mwa shamba langu nilipanda utupa. Ule mmea unafukuza fuko, na majani yake nilitwanga kuwaogeshea mbuzi kupe. Ni kweli kwetu ziwani watu wa zamani walitwanga utupa wakatia kwenye vidimbwi vya mto, samaki wakalewa, wakaokotwa kwa mkono. Nililisema hilo mwenyewe, nikicheka, tukichuma kahawa. Kinywa changu kiliniponza.

Asubuhi moja tulikuta perege wote wameelea, matumbo juu. Kaa wa mtoni walikuwa wamepanda kwenye nyasi, wamekufa huko huko, miguu imekunjwa. Nilisema palepale, "Hii ni dawa ya shemeji." Jumapili ile yeye akasema kwenye sengu, "Huu ni utupa wa yule wa ziwani."

Wakamwamini nani? Yeye aliwakopesha dawa nusu yao.

Mzee wa ukoo, baba mkubwa wa mume wangu, aliniita kunipa hukumu. Alikuwa mtu mpole, na nadhani alikuwa na haya.

"Mwanangu, kahawa yako ivune. Ukimaliza, urudi kwenu ziwani."

"Na shamba, Baba?"

"Shamba ni la ukoo. Shemeji yako atalitunza."

Nikajibu, "Asante Baba," nikainuka. Njiani nilikuwa naongea peke yangu kama mwehu. Shamba lile lilikuwa na mibuni niliyoipanda na mume wangu kwa mikono, mche kwa mche. Watoto wangu wawili walikuwa bado shule. Lakini niseme ukweli: tangu siku ile sikutaka tu kubaki. Nilitaka na yeye aonje. Nilitaka watu wamtazame kama walivyonitazama mimi nikipita na ndoo.

Niliokota kaa waliokufa, nikawafunga kwenye jani la mgomba, nikatembea hadi Mbinga kwenye ofisi za serikali. Karani akaniambia mhusika hayupo. Nikarudi siku ya pili na kaa walewale. Hayupo. Siku ya tatu nilifungua lile jani juu ya meza yake.

"Mama! Toa huo uchafu!"

"Nitautoa akija mhusika."

Harufu ile ilifanya kazi ambayo Kiswahili changu kilishindwa. Mlango wa ndani ulifunguka, akatoka binti mwembamba amejifunga ushungi, ameshika pua. Alikuwa mtaalamu wa mambo ya maji, ametoka mikoa ya pwani, ana miezi michache huku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mhusika?"

"Sijui. Lakini nikikusikiliza utawaondoa hao kaa?"

Ndivyo tulivyojuana. Juma lililofuata alikuja kwangu na sanduku la glasi.

Alinieleza kazi yake kama anavyomweleza mtu mzima, jambo ambalo mpaka leo namshukuru. Kwamba kuna wanyama wadogo majini, wadogo kuliko punje ya ulezi, wanaruka ruka. Aliwaita viroboto wa maji. Hawaumi mtu. Samaki wachanga wanakula hao. Na sumu ikiingia majini, hao ndio wa kwanza kuanguka. Kwa hiyo unawatia kumi kumi kwenye glasi, kila glasi na maji yake, hawapewi chakula, hawasumbuliwi, siku mbili kamili. Siku ya kwanza unahesabu, siku ya pili unahesabu. Unaizungusha glasi taratibu, kisha unamtazama mmoja mmoja ukihesabu moja hadi kumi na tano. Asiyeogelea mpaka hapo, ameshindwa.

"Na hii glasi ya mwisho," akasema, "ni ya maji safi. Hii ndiyo shahidi wetu, mama. Shahidi akifa, kesi imekufa."

Viroboto tuliwakamata kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe upande wa Mbuji, kwa kitambaa chepesi alichokuja nacho. Kilipochanika tukatumia kilemba changu. Dawa ya shemeji niliinunua mwenyewe dukani, chupa ya soda. Binti alitia tone moja kwenye ndoo, kijiko cha ndoo hiyo akatia kwenye ndoo nyingine, hivyo hivyo mpaka ukiitazama ya mwisho huwezi kuamini kama ina kitu. Maji ya mto tulichota siku ya kunyunyizia, juu ya shamba langu, chini ya jiwe bapa, mzee wa ukoo akitutazama. Maji safi nilikwenda kuchota mimi, kwenye chemchemi ya msituni, mbali, mahali ambapo hakuna mbuni hata mmoja juu yake.

Tukapanga glasi ghalani kwangu, mbali na moshi. Binti akamwomba mzee wa ukoo aje kushuhudia na hesabu, na mzee akaja na shemeji. Nilifurahi kwamba amekuja. Nilimwekea kigoda kabisa.

Kesho yake asubuhi tukafungua ghala. Binti akaanza na glasi ya maji safi. Akaizungusha. Nilimwona anahesabu kwa midomo. Akaizungusha tena.

Wamelala chini wote kumi.

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. "Mmeona? Mmeona jamani? Huyu mama hahitaji hata utupa! Maji aliyoyashika tu yanaua!"

"Nyamaza," nikamwambia.

"Ninyamaze? Shemeji, wewe nenda kwa wavuvi wenzako. Mizigo nitakubebea mimi mpaka kwenye gari la Mbamba Bay, bure."

Mzee alichukua fimbo yake. Nikajua nimekwisha.

Binti alikuwa bado amechuchumaa mbele ya glasi. Akauliza bila kugeuka, "Mama, maji haya ulichotea nini?"

"Dumu langu."

"Naomba nilione."

Nikalileta. Dumu la buluu, zito, mfuniko wake unabana vizuri. Kila nyumba ya ukoo wetu ilikuwa nalo moja au mawili. Tulikuwa tunajivunia, maana ndoo za bati zilikuwa zinatoboka na mitungi inavunjika. Langu nililipata kwa debe la maharage. Nililisugua kwa majivu, nikalisugua kwa mchanga, nikalijaza maji nikaliacha juma zima. Hivyo ndivyo tulivyofundishana wanawake wote: ukisikia halinuki, limetakata.

Binti akafungua mfuniko, akanusa, akalipindua. Kitakoni plastiki ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, lakini aliyekwangua hakumaliza. Ilibaki taya na jicho moja la fuvu.

"Hili lilikuwa na nini, mama?"

Hapo shemeji akaacha kucheka. Kwa miaka miwili nilikuwa nimewanywesha wanangu kutoka humo. Nilikuwa nimewapikia uji. Kisha nikasikia kitu kingine, kitu kitamu, nasema bila aibu. Nilijua nimempata.

"Muulize huyo," nikasema. "Ndiye anayetuuzia."

"Yalioshwa!" shemeji akasema. "Madumu yote yaliyotoka dukani kwangu yalioshwa!"

"Yalioshwa wapi?" binti akauliza.

Akatazama upande wa mto. Mzee wa ukoo alikuwa analitazama lile dumu, na mimi nilijua anatazama nini. Kwake jikoni yalikuwepo mawili.

Binti akasema jaribio limeharibika, tunaanza upya, na safari hii maji safi yachotwe kwa mtungi wa udongo. Maji ya dumu nayo yapewe glasi yake. Mzee akaongeza neno: "Na utupa utiwe." Sikutaka. Nilitaka kubisha, lakini binti akanitazama akasema, "Mama, ukiogopa glasi moja, zote hazina maana." Nikaenda kuchuma majani mwenyewe, nikatwanga mwenyewe.

Siku mbili zile sikula vizuri. Nilikuwa nakwenda kuchungulia mlangoni kama mwenye mgonjwa.

Siku ya pili ikafika. Safari hii walikuja watu wengi, na wanawake walisimama uani. Binti akazungusha glasi ya mtungi: wote kumi wanaogelea, wanaruka. Nikapumua. Glasi za dawa: wamelala, na hata kwenye ile ya mwisho ambayo ndani yake huoni kitu, waliobaki walikuwa wawili tu, nao wanazunguka mahali pamoja kama walevi. Glasi ya dumu: wamelala. Glasi ya utupa: wamelala.

"Ahaa!" akaruka shemeji. "Utupa! Wameuawa na utupa!"

Sitaficha hilo. Utupa unaua, na uliua mbele ya watu. Nilisikia wanawake uani wananong'ona.

"Malizia, mwanangu," nikamwambia binti. "Imebaki moja."

Ilibaki glasi ya maji ya mto, yale tuliyochota juu ya shamba langu. Akaizungusha, akahesabu kwa sauti mpaka kumi na tano ili watu wasikie. Hakuna aliyeogelea hata mmoja.

Nikamgeukia shemeji. "Maji haya yamechotwa juu ya utupa wangu, Mzee mwenyewe aliona tukichota. Sasa tuambie, shemeji. Utupa wangu ulipanda mlima kwa miguu au ulipewa lifti?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Yeye akasema viroboto si samaki, akasema binti si mtu wa huku anajua nini, akasema dawa yake inatumika Tanzania nzima. Mzee akamwambia, "Kaa chini, mwanangu." Alikaa kwenye kile kigoda nilichomwekea.

Ningeweza kuishia hapo. Nilikuwa nimeshapona, hakuna ambaye angenirudisha ziwani. Lakini mimi nilikuwa sijaanza.

Siku ileile nilipita nyumba kwa nyumba. Sikuhubiri. Nilikuwa nasema, "Wifi, pindua dumu lako." Wanapindua. Mengine yamekwanguliwa yakakwisha, mengine limebaki fuvu zima. Mwanamke mmoja alikalia ngazi ya jiko lake na kulia, alikuwa na mtoto wa miezi minne. Jioni madumu yalikuwa yamerundikwa mlangoni pa duka la shemeji mpaka mteja hapiti.

Jumapili ikaja. Wanaume wakaenda sengu, wakakaa, wakanawa mikono. Chakula hakikuja. Wakatuma mtu. Mke wa mzee mwenyewe, bibi wa miaka mingi aliyekuwa hajawahi kukaidi, akatuma jibu: "Waambieni maji ya kupikia hatuna. Waende wakachote kwa yule anayeuza vya kuchotea." Wakarudi makwao na njaa. Jumapili ya pili vilevile. Ya tatu niliitwa.

Niliingia sengu kwa miguu yangu, nikasimama, sikupiga magoti. Shemeji alikuwa pembeni, kuku mmoja amefungwa miguu mbele yake, na jembe jipya. Ndiyo desturi ya kuomba radhi. Akasema maneno aliyofundishwa: amekosa, amenisingizia, anaomba yaishe.

Mzee akaniuliza, "Unapokea?"

"Kuku ninao, Baba. Jembe ninalo."

"Unataka nini basi?"

Nilikuwa nimelifikiria hilo majuma mawili, nikichimba. Nikasema: "Mabomba yakaoshwe kwenye shimo, mbali na mto. Na maji ya nyumbani kwangu anichotee yeye. Chemchemi ya msituni, kila siku asubuhi, kwa mtungi wa udongo, kichwani. Mpaka siku viroboto watakapoishi siku mbili kwenye maji ya mto."

Wanaume wakanyanyuka. Mwanamume achote maji kwa mtungi kama mwali! Mmoja akasema ni bora afungwe. Nikawaambia, "Basi kaeni na njaa yenu." Nikageuka kuondoka.

Mzee akasema, "Atachota."

Alichota. Mtungi wa kwanza aliuvunja kwenye utelezi siku ya pili, nikamwambia akanunue mwingine. Njia ya msituni inapita katikati ya kijiji, mbele ya duka lake mwenyewe. Wanawake walikuwa wanamsubiri.

"Dada, umejitwika vibaya, weka kata kwanza!"

"Hodi hodi, mke wa ukoo anapita!"

"Dada, ukifika kwako usisahau kufagia!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nasimama mlangoni, anatua mtungi, nachungulia kama umejaa. Ukipungua anarudi. Watu walisema moyo wangu ni mgumu. Nikawauliza, wa nani uliokuwa laini nilipohukumiwa kurudi ziwani?

Binti alihamishwa kabla mvua hazijaanza. Aliniachia glasi mbili, mrija wenye mpira na kitambaa. Kila mwezi nilipima mwenyewe: glasi ya mto, glasi ya chemchemi, viroboto kumi kumi. Mwezi wa kwanza wa mto walikufa wote. Mwezi wa pili wakabaki wanne. Shemeji alikuwa anauliza akitua mtungi, macho chini, "Shemeji, wamekuwaje?" Najibu, "Bado." Na ilikuwa kweli.

Mvua zikanyesha, zikausafisha mto. Mwezi ule nilizungusha glasi ya maji ya mto, nikaona wote kumi wanaruka, wazima kabisa. Nikahesabu mara tatu. Nikaichukua glasi nikaimwaga migombani.

"Shemeji, wamekuwaje?"

"Bado."

Mwezi uliofuata wakaishi tena, nikamwambia bado. Sikulipeleka hilo kwa padri wala kwa mtu, na silijutii. Alitaka kunitoa kwenye nyumba niliyojenga kwa mgongo wangu. Aliwauzia watoto wetu sumu na mfuniko wake juu. Nilijiambia akibeba mpaka mibuni itoe maua, ndipo nitafikiri.

Asubuhi moja nilikuwa zizini nikikamua mbuzi. Niliporudi nilimkuta shemeji ndani ya ghala langu, amechuchumaa mbele ya glasi ya mto, ameizungusha, anahesabu. Nikasimama mlangoni. Alifika kumi na tano, akaendelea kutazama. Walikuwa wanaruka wote.

Akainua uso akaniona. Nilimtazama.

Akasimama, akapangusa magoti, akachukua mtungi wake akaenda msituni.